Wati nne zinatosha, tatizo ni spika

Kila anayeingia sebuleni kwangu akaona amplifaya ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa zinakuza sauti kwenye redio za zamani, anauliza hii ina wati ngapi, namwambia nne. Mia nne? Hapana, nne, yaani nne upande huu na nne upande ule, jumla nane, balbu ya LED ya barazani inazidi hapo. Mtu anakaa kimya kidogo, anaziangalia zile valvu zinavyowaka kama makaa yanayokaribia kuwa majivu, unamsoma usoni kabisa kwamba anawaza huyu kapigwa.

Na kweli nilipigwa, ila sio kwenye amplifaya, nilijipiga mwenyewe kwenye spika. Nilikuwa na spika ndefu za kusimama, nzuri kwa macho, nyuma zina stika ya wati 150 na omu 4 (omu ni kipimo cha spika inavyoubania umeme), nikawaza kwamba yenye wati nyingi ndo yenye nguvu kwa hiyo itaisaidia amplifaya dogo. Nikachomeka. Sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea kajifunika blanketi, besi inavimba na haijui pa kuishia, nikipandisha kidogo inapasuka. Miezi miwili naisingizia amplifaya, nimebadilisha valvu, nimebadilisha waya, mpaka siku nimeazima spika mbovu mbovu za zamani za mzee mmoja mtaani, za koni ya karatasi, zimejaa vumbi, nikaunga tu kwa kujaribu. Nyumba nzima ikajaa muziki na kitufe cha sauti hakijafika hata nusu. Amplifaya ile ile, wati zile zile nne.

Kilichotokea pale nitakieleza, maana ukikielewa huwezi tena kununua spika kwa kusoma stika.

Tuanze na amplifaya zenyewe. Naongelea zile ndogo zenye valvu moja ya nguvu kila upande. Yangu inatumia EL84, valvu nyembamba kama kidole gumba, ikifanya kazi peke yake inatoa wati 4 mpaka 5 hivi. 6V6 iko hapo hapo. 2A3 inatoa tatu na nusu, 45 ni wati 2 au pungufu, na ile 300B inayosifiwa kila mahali, iliyotoka kwa Western Electric ya Marekani miaka ya 1930, inakupa kama 8. Zikiwekwa mbili mbili zikawa zinapokezana kazi unaruka ngazi kubwa: zamani kampuni ya Mullard ya Uingereza ilitoa mchoro wa amplifaya wa mafundi wa kujitengenezea ukaitwa 5-10, maana yake valvu 5 wati 10, EL84 mbili ndo zinabeba mzigo mle. Ukiwa na hiyo maisha ni rahisi zaidi na nusu ya haya nitakayosema unaweza kuyaruka. Ila wengi wetu tunaanza na kadogo, ka bei ya chini, na humo kila wati inahesabika.

Sasa ile stika. Wati zilizoandikwa nyuma ya spika sio nguvu ya spika, ni kiasi cha juu inachoweza kuvumilia kabla haijaungua. Gunia limeandikwa kilo 100, haina maana kwamba ndani mna kilo 100 za mchele. Spika ya wati 150 ukiipa wati 4 inapokea wati 4, basi, haiongezi kitu. Na zile stika za PMPO wati elfu moja elfu mbili kwenye sabufa za mezani sitaki hata kuziongelea, hizo ni hadithi.

Namba unayoitafuta wewe ni sensitiviti. Wanaandika kwa desibeli, kwa mfano 88 au 92 au 97, na maana yake ni rahisi: ukiipa spika wati moja ukasimama mita moja mbele yake, sauti inafika desibeli ngapi. Uchungu uko kwenye hesabu yake. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Desibeli 10 zaidi, ambayo ndo sikio linasema hapa sasa sauti imekuwa kubwa mara mbili, inataka wati mara kumi. Kwa hiyo chukua spika ya 96 uipe wati 4, unafika 102. Chukua spika ya 86, ambayo ni spika ya kawaida kabisa ya dukani siku hizi, ili na yenyewe ifike 102 inataka wati 40. Arobaini! Yaani kwa kuchagua spika tofauti, bila kugusa amplifaya, umepata kitu ambacho ungetafuta amplifaya yenye nguvu mara kumi, na amplifaya ya valvu ya wati 40 inabebwa na watu wawili na bei yake unaijua mwenyewe.

Hapo ndo utaelewa redio za mbao za wazee wetu, zile zilizokuwa zinapokea Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951. Nyingi zilikuwa na wati 2 au 3 tu, na mtu anakaa barazani wapangaji wote wanasikia taarifa ya habari. Hakukuwa na uchawi. Koni ilikuwa karatasi nyepesi, pana, imefungwa kwenye kabati kubwa la mbao lililo wazi nyuma, inatikisika hata kwa pumzi.

Sasa kwa nini spika za leo zimekuwa nzito kusukuma hivi? Ni historia na ni hesabu pia. Mpaka miaka ya 1950 wati zilikuwa ghali, kwa hiyo mtengenezaji wa spika alilazimika kuzihurumia, akatengeneza kitu kikubwa kama kabati la nguo. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur akaja na AR-1, boksi dogo lililofungwa pande zote lisilopitisha hewa, ndani yake koni nzito, likatoa besi ya chini kuliko makabati yale. Watu wakashangaa. Gharama yake ilikuwa kwamba linakula wati vibaya mno. Miaka minne baadaye santuri za sterio zikaingia sokoni, sasa nyumba inataka spika mbili sio moja, na hakuna mke wala mume aliyetaka makabati mawili sebuleni, kwa hiyo vidogo vikashinda. Alafu transista, vile vipande vidogo vilivyochukua kazi ya valvu, zikafanya wati kuwa rahisi kama karanga, na tangu hapo hakuna mtu kiwandani aliyehangaika tena na mwenye wati nne.

Hesabu yenyewe mafundi wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann, huyo ndo H katika jina la kampuni ya spika ya KLH. Kuna vitu vitatu unavitaka: besi ya chini kabisa, boksi dogo, na sauti kubwa kwa wati chache. Chagua viwili. Cha tatu hupati, uwe na pesa za nani. Kwa hiyo ukiona kispika kidogo cha kukaa kwenye rafu kinadai kina sensitiviti ya 96 na besi ya kutikisa madirisha, kuna mtu anaongopa. Sisi wa valvu ndogo uchaguzi wetu umeshafanyika: ama boksi kubwa, ama tunasamehe besi ya chini kabisa.

Na hata hiyo namba ya sensitiviti ina mitego. Wa kwanza, wengine wanapima ndani ya chumba ambako kuta zinarudisha sauti, wanaongeza desibeli kama 3 za bure. Wa pili ni mbaya zaidi na ndo ulionipata mimi. Viwandani siku hizi wengi hawapimi kwa wati moja, wanapima kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8 hizo volti ni wati moja kamili, safi. Ila kwenye spika ya omu 4 volti zile zile ni wati mbili. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa 90, ukiipima kwa haki kwa wati moja, ni 87. Kwa mwenye amplifaya ya transista ya wati 100 haijalishi. Kwako wewe wameshakuibia nusu ya amplifaya kabla hujawasha.

Sasa twende kwenye jambo ambalo wengi hawalijui na ndo kiini chenyewe. Sensitiviti peke yake haitoshi, unaweza kununua spika ya 93 ikakusumbua kuliko ya 88. Kisa ni omu.

Ile omu 8 iliyoandikwa nyuma ni wastani tu, ni jina la utani. Spika haina omu moja, inabadilika kwa kila noti. Kwenye besi kuna mahali inapanda ghafla mpaka 30 au zaidi, inashuka mpaka 5 au 4, inapanda tena katikati pale sauti inapohama kutoka wufa, ile koni kubwa ya besi, kwenda twita, kale kadogo ka sauti za juu, inashuka tena. Ukiichora inakuwa kama milima ya Usambara. Amplifaya ya transista haijali hiyo milima. Ni kama bomba la barabarani lenye presha ya kufa mtu, ufungue koki moja ufungue tatu, presha ni ile ile. Amplifaya ya valvu, hasa hizi za valvu moja kila upande, ni simtanki juu ya paa na mpira mwembamba. Koki ikifunguka sana, yaani omu zikishuka, presha inashuka. Koki ikibanwa, omu zikapanda, presha inarudi juu.

Tuweke namba. Amplifaya yenye ukinzani wa ndani wa omu 2.5, ambao ni wa kawaida kabisa kwa hizi ndogo, ikikutana na spika yenye omu 30 sehemu fulani na omu 4 sehemu nyingine, tofauti ya sauti kati ya sehemu hizo mbili ni desibeli 3 na nusu hivi. Yaani amplifaya inafuata milima ya spika. Noti fulani za besi zinavimba, sauti ya mwimbaji inarudi nyuma, twita inachomoza. Ndo ile blanketi niliyoisikia mimi. Mtu anasema valvu zina sauti nzito ya joto, mara nyingi anachosikia ni spika yake ilivyochorwa.

Kuna na suala la breki. Koni ikishasukumwa inataka kuendelea kuyumba kama bembea, na ikiyumba inazalisha umeme wake wenyewe unaorudi kwenye amplifaya, amplifaya ndo inaukamata na kuisimamisha. Transista ina breki kali. Valvu ndogo breki zake za baiskeli ya kijijini, unafika mbele kidogo ndo unasimama. Kwa hiyo spika zenye tundu la hewa lililotegwa ili kupandisha besi, ambazo kwa transista ziko vizuri, kwa valvu zinaanza kubweka bwo bwo bwo kwenye noti moja. Boksi lililofungwa kabisa, au koni nyepesi yenye sumaku kubwa, inavumilia zaidi. Ukikwama na yenye tundu jaribu kuliziba na soksi, sicheki, soksi safi iliyokunjwa, utasikia tofauti muda huo huo.

Kwa hiyo ukipata jina la spika kabla ya kutoa hela, tafuta mchoro wa omu zake, jarida la Stereophile la Marekani limechapisha vipimo vya spika nyingi kwa miaka mingi, na unachotafuta ni mchoro uliotulia, usioshuka chini ya omu 6 hivi. Mfano mzuri ni LS3/5a, kile kispika BBC walichokibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya magari yao ya kurushia matangazo. Sensitiviti yake ni ya aibu, 82 au 83 hivi, kwa kanuni tuliyosema tungekitupa. Lakini zile za mwanzo zilikuwa omu 15, na wenye valvu wakazipenda sana, maana simtanki halikamuliwi. Sikushauri ununue, zimekuwa ghali za kuwekwa makumbusho. Nazitaja ili uone kwamba namba moja haimalizi shauri.

Alafu chumba chako. Watu wanabishana wati bila kusema wanakaa wapi. Tuseme spika ya 90, amplifaya ya wati 4, kwa mita moja unapata 96. Wewe unakaa mita mbili na nusu, chumbani, unapoteza desibeli 5 au 6, ila spika ni mbili zinakurudishia 3. Umebaki na 93 hivi, na hiyo ni kwa vile vilele, pale ngoma inapopigwa au mwimbaji anapopaza. Muziki wenyewe kwa wastani unakaa desibeli 15 hivi chini ya vilele, kwa hiyo 78. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Kwa hiyo 78 ni mtu anayesikiliza muziki kweli kweli, mke wake anamwambia punguza. Na valvu zikizidiwa hazipasuki ghafla kama transista, zinalainika kidogo kwanza, wengi hawagundui.

Ukitoka hapo ukaenda kwenye spika ya 84 umebaki na 72, bado inasikika, ni ya usiku watoto wamelala. Ukienda 96 una 84 na akiba juu. Kwa chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu na nusu, sakafu ya vigae, kuta za saruji, 90 yenye omu zilizotulia inatosha na chenji inabaki. Kwa sebule kubwa iliyofunguka mpaka jikoni tafuta 94 kwenda juu. Na kama unaishi chini ya bati bila dari, masika yakifika hakuna valvu itakayokusaidia, zima ulale.

Sasa za bei nafuu tunazipata wapi. Mimi naanza na za zamani. Miaka ya 1970 Wajapani walitengeneza maboksi makubwa sana, Sansui, Pioneer na wenzao, yale ya wufa ya inchi 12 kwenda juu na mbele kuna kimia cha mbao kilichochongwa kama dirisha la Kizanzibari. Wakosoaji wa Ulaya waliyadharau, na kweli mengine yana sauti ya kupiga kelele, lakini koni ni karatasi nyepesi, omu 8, sensitiviti za juu, na nyumba nyingi za wazee bado yapo yamewekewa kitambaa na chungu cha maua juu. Ukiuliza kwa adabu unauziwa kwa bei ya kukusaidia kubeba. Za Kiingereza kama Wharfedale na Goodmans za zamani nazo usizipite, ila hizo ndogo ndogo zake ni 86 na kushuka, angalia saizi.

Ukienda kuangalia, nenda na mita ya kupimia umeme na betri moja ya saa ya ukutani. Bonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote kwa usawa, ukisikia inakwaruza ndani ujue koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda, acha. Angalia ule mkunjo wa pembeni ya koni. Ukiwa wa kitambaa au wa karatasi yenyewe, umepona. Ukiwa wa sponji, na hasa spika ikiwa imeishi Tanga au Mombasa au Zanzibar kwenye hewa ya chumvi, gusa kwa ukucha, ukimong'onyoka kama keki kavu ni wa kubadilishwa, kazi ambayo fundi anaweza ila itoe kwenye bei. Piga mita: spika ya omu 8 inasoma 6 mpaka 7 hivi, ya omu 4 inasoma 3 na kitu, na hiyo itakuambia ukweli kuliko stika. Mita isiposoma kitu koili imekatika. Betri unaigusisha sekunde moja tu, chanya kwa chanya, koni inatakiwa iruke kwenda mbele, moja ikienda mbele nyingine nyuma kuna mtu aliwahi kufungua akarudisha waya kinyume. Twita ikiwa bubu usikate tamaa, mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, ndani imekauka baada ya miaka arobaini, ni kitu cha bei ya soda mbili.

Njia ya pili ni spika za muziki wa sherehe, zile za inchi 12 au 15. Hizi zimetengenezwa kupiga kelele uwanjani, kwa hiyo 95 mpaka 98 kwao ni kawaida, na Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi hazikosekani. Tatizo ni mawili. Bandia ni nyingi, sumaku ya nje imepakwa rangi na kuwekewa kifuniko ionekane nene, namba ya stika imetungwa, kwa hiyo nenda na amplifaya yako au angalau na mtu mwenye nayo, usinunue kwa kuiona. La pili, twita zake za baragumu zina makali, kwenye uwanja wa mpira sawa, kwa mita mbili zinachoma sikio. Baragumu lenyewe sio baya. Ni akili ya siku nyingi, siwa la Lamu linafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, pumzi ya mtu mmoja inasikika mji mzima, na zile honi za msikitini zinafunika mtaa kwa wati chache. Paul Klipsch wa Marekani alichukua akili hiyo miaka ya 1940 akaiweka sebuleni, akatumia kona ya chumba kuwa mwendelezo wa baragumu, akapata desibeli kama 105 kwa wati moja. Pesa yake hatuna, lakini ile kona tunayo. Ukiisogeza spika karibu na ukuta au kona besi inaongezeka bila wati hata moja, kwa hiyo sogeza sogeza kabla hujanunua kitu.

Ya tatu ndo naipenda mimi, spika ya koni moja inayopiga kila kitu, ya inchi 8, ile yenye kikoni kidogo katikati. Hakuna krosova, yaani vile vipande vya kugawa sauti kati ya wufa na twita, ya kula umeme katikati, valvu inaongea na koni moja kwa moja, sauti ya mtu inakuwa pale mbele yako kama unaweza kumsalimia. Fostex wa Japani wanazo nyingi, FE206En yao ya zamani kidogo ilikuwa 96, na Visaton wa Ujerumani wana BG 20 ambayo ni ya bei ya chini zaidi na inafika 92 hivi. Ubaya ni kwamba besi ya chini haipo na sauti za juu zinaelekea mbele tu kama tochi, ukihama kiti umezikosa. Nyingine zinapayuka kidogo pale kwenye s na sh za mwimbaji. Boksi anatengeneza seremala, mwambie plaiwudi ya marini, sio MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, MDF pwani inakunywa unyevu inavimba kama mkate kwenye chai. Au usitengeneze boksi kabisa, ubao mpana tu uliotobolewa shimo, spika imefungwa, nyuma wazi, ndo nilivyo mimi mpaka leo. Sio pazuri kwa wageni.

Kuhusu besi usihangaike sana kuidai kwenye wati nne. Karibu kila nyumba ina sabufa, na sabufa ina amplifaya yake. Toa waya mbili kwenye chombo kinachopiga muziki, moja iende kwenye valvu, nyingine kwenye sabufa, sauti uipandishie kwenye simu au kompyuta ili zipande pamoja. Sasa ujanja wenyewe: besi ndo inayokula wati nyingi kuliko kitu chochote, kwa hiyo usiiruhusu iingie kwenye valvu. Kapasita ndogo moja kila upande, mfululizo na waya wa kuingilia muziki kwenye amplifaya, inatosha. Kama sehemu ya kuingilia ya amplifaya yako ina kiloomu 100, kapasita ya mikrofaradi 0.022 itaanza kukata kuanzia kama hezi 72, yaani kwenye besi, kushuka chini. Amplifaya inapumua, sauti ya mwimbaji inafunguka, unadhani umeongezewa wati.

Bado kuna muziki hautaki. Taarab asilia, ud, qanuni, dansi la zamani, kwaya, mtu na gitaa lake, hapo wati nne ni mfalme. Mpwa wangu alikuja na singeli kwenye simu, nikamwachia, baada ya dakika moja akaniangalia kwa huruma akasema anko tuiache tu.

Mwisho kabisa la usalama, na ni kinyume cha transista. Amplifaya ya valvu usiiwashe bila spika kuungwa, na usichomoe waya wa spika ikiwa inapiga, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua ndani na hiyo ndo kitu cha gharama kuliko vyote humo. Na usiingize mkono ndani hata kama umezima, mle kuna volti 250, nyingine 400, na kapasita zinakaa nazo muda mrefu. Ukishazima na kusubiri, angalia nyuma, utaona matundu ya spika ya omu 4 na 8, wengine wana 16. Usiamini maandishi ya spika. Unga kwenye 8 usikilize wimbo mmoja unaoujua vizuri, zima, hamishia kwenye 4 usikilize ule ule. Kwenye 4 kwa kawaida unapoteza nguvu kidogo ila breki zinakuwa kali zaidi na besi inajikunja vizuri. Zangu zimeandikwa omu 8 na ziko kwenye 4 mwaka wa pili sasa.